Majaribu Yasiyopiga Hodi: Mwongozo kutoka Barabara ya Shasha

Shasha ni kijiji kilicho kando ya Ziwa Kivu, wilayani Masisi, mashariki mwa Kongo, kwenye barabara ya taifa namba 2 inayotoka Goma, ikapita Sake, kisha ikateremka Bweremana na Minova hadi Bukavu. Upande mmoja maji, upande wa pili milima. Mwenye maharage au ndizi za kupeleka Goma kwa gari hana njia nyingine ya maana. Ndiyo sababu kila balaa linaloikumba Goma hupita Shasha kwa miguu, na balaa la Shasha husikika katika bei za soko la Goma kabla halijatangazwa redioni.

Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka. Lava ilisimama Buhene, si mbali na uwanja wa ndege. Siku tano baadaye, alfajiri ya tarehe 27, gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru kata kumi za jiji zihamwe. Watu kwa mamia ya maelfu wakatoka, wengi wao wakashika njia ya Sake, na wengine wakasonga mbele hadi Minova. Wenyeji wa barabara hiyo wakafungua nyumba, madarasa na makanisa. Haikutimia miaka mitatu: mwanzoni mwa Februari 2024 waasi wa M23 wakafika Shasha, barabara ikakatika, na waliopokea wageni jana wakawa wageni wao wenyewe. Watu zaidi ya 100,000 waliondoka Sake na vijiji vyake ndani ya siku chache, wakaenda kulala chini ya maturubai huko Bulengo, Lushagala na kambi nyingine za kando ya Goma. Tarehe 27 Januari 2025 Goma yenyewe ikaanguka, kambi zikavunjwa mwezi uliofuata, watu wakaambiwa warudi kwao.

Katika muda usiozidi miaka minne mtu yule yule amekuwa mwenyeji, mkimbizi na mrejeaji. Mwongozo huu umeandikwa kwa kumfikiria Mkristo huyo, lakini utamfaa pia msomaji wa Dodoma au Mombasa ambaye jaribu lake litakuja kwa sura nyingine: barua ya kusimamishwa kazi, majibu ya maabara, simu ya saa nane usiku. Hoja ya mwongozo ni moja, na huenda ikawaudhi wahubiri wachache. Imani ya saa ya jaribu huanza mikononi, kwenye uji, karatasi, kufuli na mbegu. Mahubiri yanaweza kusubiri kidogo.

Basi tuanze na lile ambalo halifai kufanywa.

Alhamisi, tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha milima ya Kalehe, ng'ambo ya Minova. Mito ikafurika, udongo na mawe vikateremka juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Nyamukubi ilikuwa siku ya soko. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Sababu zinajulikana: mvua ya ghafla, miteremko iliyokatwa miti, nyumba zilizojengwa kwenye kingo za mito kwa kuwa ndiko kulikobaki nafasi. Hata hivyo, baada ya msiba wa namna hiyo hakukosekani mtu wa kusimama na Biblia mkononi akauliza watu hawa walimkosea Mungu nini.

Swali hilo Yesu alishalijibu. Katika Luka sura ya 13 alizungumza juu ya mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18, akakataa kabisa kwamba hao walikuwa na hatia kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Katika Yohana sura ya 9 wanafunzi walitaka kujua nani alitenda dhambi hata yule mtu akazaliwa kipofu, naye hakumtaja mtu yeyote. Hivyo Mkristo anapofika penye msiba aache upelelezi nje ya lango. Marafiki wa Ayubu walifanya jambo jema mara moja tu katika kitabu kizima: walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila kusema neno. Balaa lao lilianza walipofungua kinywa.

Kwa vitendo ni hivi. Anayekwenda kwenye kilio achukue kitu: dumu la maji, makaa, sabuni, unga. Akae. Akiulizwa kwa nini Mungu ameruhusu hili, ana haki ya kusema hajui. Asimwambie mama aliyefiwa kwamba Mungu alimpenda mtoto wake zaidi, wala asianze kusimulia misiba yake mwenyewe. Kama ni lazima aseme, ataje jina la marehemu na jambo moja jema alilolifahamu kwake. Kisha arudi baada ya wiki tatu, wakati mahema yameng'olewa na jamaa wametawanyika. Hapo ndipo wengi huachwa peke yao, na hapo ndipo shirika la Wakatoliki wa mtaani au kikundi cha mama wa Kiprotestanti kinapopimwa.

Na aliyefiwa aachwe alie. Zaidi ya theluthi moja ya Zaburi ni malalamiko, na Zaburi ya 88 inaisha gizani, bila hata mstari mmoja wa kushukuru. Walioikusanya Biblia hawakuona aibu kuiacha hivyo. Makanisa yetu mengi yana ratiba ya sifa, ya matoleo, ya matangazo, lakini hayana dakika tano za kulalamika mbele za Mungu. Pasta anayetaka kulisaidia kusanyiko lililokimbia vita anaweza kuanzia hapo: aruhusu watu wataje kwa sauti walichopoteza, mmoja mmoja, bila wimbo wa kuwaharakisha.

Uji kwanza

Nabii Elia, baada ya ushindi wake mkubwa, alimkimbia Yezebeli, akalala chini ya mretemu nyikani akiomba afe. Kitabu cha Wafalme wa Kwanza, sura ya 19, kinaeleza kilichofuata: malaika hakumhubiria wala kumkemea. Alimletea mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Elia akala, akalala tena, akaamshwa ale mara ya pili, ndipo akapata nguvu za safari ya siku arobaini. Mazungumzo na Mungu yalikuja mwishoni mwa safari hiyo.

Utaratibu huo una maana kubwa kwa watu waliotembea usiku kucha kutoka Shasha wakiwa na godoro kichwani. Mtu mwenye njaa na asiyelala siku tatu hatafakari vizuri. Ataona kila jambo kuwa la pepo, ataahidi asichoweza, atauza shamba kwa bei ya kutupa. Anayempokea ampe chakula, mahali pa kuoga, na usiku mmoja wa kulala bila maswali. Kufunga kuna mahali pake, ila hapa sipo. Vyumba vya maombi vinavyowaamuru wajawazito, wenye kisukari au watu waliotoka kwenye njaa wafunge siku tatu kavu vinakosea, na muumini ana ruhusa ya kukataa. Dawa za virusi vya UKIMWI na za kifua kikuu haziachwi kwa ajili ya mfungo wowote. Anayekimbia azifunge pamoja na nguo za mtoto, na akifika atafute kituo cha afya kabla vidonge havijamwishia.

Mwambao wa Kivu ni nchi ya kipindupindu, maana wengi huchota maji ziwani. Kila mama wa kanisa na ajue dawa ya kwanza kwa kichwa: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mgonjwa anywe kidogo kidogo bila kukoma huku akipelekwa kituoni. Akiharisha maji kama ya mchele, hakuna kungoja kesho wala kungoja ibada iishe.

Kuna hatari nyingine ambayo wageni wa Sake, Mugunga na Bulengo huijua kwa kuchelewa. Ni mazuku, hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini katika nchi hii ya volkano. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutulia mashimoni na mabondeni, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Haionekani. Mbuzi na watoto, walio karibu na ardhi, ndio hufa kwanza. Familia inayotafuta mahali pa kusimamisha kibanda iwaulize wazee wa hapo kabla ya kulala hata usiku mmoja, ikwepe mabonde, na iwakataze watoto kucheza mashimoni asubuhi. Mtu akianguka shimoni, asiwepo mwingine wa kuinama ili amvute. Wengi wamekufa wakiokoa.

Halafu kuna jeraha ambalo katika barabara hii limewapata wanawake wengi mno, na wanaume pia. Aliyebakwa afike hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI haifanyi kazi muda huo ukipita. Ya kuzuia mimba inaweza kutolewa hadi saa 120. Akichelewa, bado aende, maana kuna matibabu mengine na kuna watu wa kumsikiliza. Kazi ya mchungaji hapa ni kutafuta usafiri na kufunga mdomo. Hana haja ya kujua nani, wapi, na alikuwa amevaa nini. Hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Dakta Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji, chini ya mwavuli wa kanisa la Kipentekoste la CEPAC, iliunganisha mahali pamoja matibabu ya mwili, msaada wa nafsi, msaada wa kisheria na namna ya kurudi kwenye kazi. Mukwege alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Mashirika na hospitali nyingine za kanisa katika Goma, kama HEAL Africa na ile ya kanisa la CBCA huko Ndosho, yamebeba mzigo wa wagonjwa na majeruhi wa vita kwa miaka mingi.

Chungu cha Yeremia

Kuna sura moja katika Biblia ambayo mtu wa Masisi angeielewa kuliko mhubiri yeyote wa televisheni. Ni Yeremia 32. Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli, nabii mwenyewe yuko kizuizini katika ua wa walinzi, na ndugu yake Hanameli anakuja kumwuzia shamba la Anathothi, ardhi ambayo tayari iko mikononi mwa adui. Yeremia analinunua. Anapima fedha shekeli 17, anaita mashahidi, anaandika hati mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine wazi, kisha anamwagiza Baruku azitie katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi.

Imani yake ilikuwa na karatasi, mashahidi na mahali pa kuhifadhi.

Masisi ni nchi ambayo ugomvi wa ardhi umekuwa chanzo cha vita na tena umekuwa tunda lake. Mtu akikimbia miaka miwili, akirudi anaweza kumkuta mwingine amelima shamba lake kwa maelezo kwamba aliuziwa, kwamba lilikuwa la babu yake, kwamba chifu mpya amempa. Asiye na karatasi ana mdomo tu. Kwa hiyo huu ndio wakati wa kufanya kama Yeremia, kabla risasi hazijasikika.

Hati ya kununua shamba, hata kama ni ukurasa wa daftari uliosainiwa mbele ya chifu wa kijiji, itiwe kwenye mfuko wa nailoni, mfuko huo ndani ya mwingine, na vyote vikae mahali ambapo mkono unaweza kuvifikia gizani. Ipigwe picha kwa simu, picha itumwe kwa watu wawili wanaoishi miji tofauti, mmoja ikiwezekana nje ya Kivu. Pamoja na picha hiyo yaandikwe majina ya majirani wa pande nne na miti ya mpaka. Asiye na hati kabisa aketi na majirani hao wakati bado wako hai na wako karibu, waandike, watie vidole, nakala ibaki kwa mzee wa kanisa.

Kadi ya mpiga kura inastahili onyo la pekee. Katika Kongo ndiyo kitambulisho cha wengi, na zile za mwaka 2023 zimejulikana nchi nzima kwa wino unaofifia hadi mtu akabaki na plastiki nyeupe isiyo na uso. Mwenye nayo atoe fotokopi sasa, na aipige picha ingali inasomeka. Katika sehemu kubwa ya Masisi vita vilizuia hata kuandikishwa kwenyewe, kwa hiyo vyeti vingine, kama vile kadi ya shule, cheti cha ubatizo na kadi ya chanjo ya mtoto, vina thamani isiyo ya kawaida. Mtoto aliyezaliwa huandikishwa bure ndani ya siku 90. Kukimbia hakusimamishi hesabu hiyo. Makatekista na makatibu wa parokia nao wapige picha kurasa za vitabu vya ubatizo na ndoa, ukurasa kwa ukurasa. Ni kazi ya alasiri mbili tatu, haina utukufu wowote, na inaweza kuwa huduma kubwa kuliko semina nzima.

Boti iliyojaa

Barabara ilipokatwa Shasha, watu wa Minova waligeukia ziwa. Bidhaa na abiria vikapanda boti kwenda Goma, na kila boti ikabeba zaidi ya jana. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti moja iliyotoka Minova ilizama ikikaribia bandari ya Kituku, mbele ya macho ya watu waliokuwa wakingoja ndugu zao ufukoni. Makumi ya abiria walikufa.

Paulo naye alipanda chombo kilichovunjika baharini. Matendo ya Mitume sura ya 27 inasimulia kwa ufundi wa baharia: walipofika Bandari Nzuri msimu ulikuwa umepita, Paulo akashauri wasiendelee, lakini akida akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu. Dhoruba ikawakamata siku nyingi. Paulo, aliyekuwa mfungwa humo, ndiye aliyewahimiza watu 276 wale ili wapate nguvu, na ndiye aliyegundua kuwa mabaharia wanataka kutoroka na mashua. Wote walifika pwani ya Malta, waliojua kuogelea wakiogelea, wengine juu ya mbao.

Kinachovutia katika habari hiyo ni kwamba mtu wa imani alikuwa wa kwanza kuhesabu hatari. Msafiri wa Kivu anaweza kufanya yale yale. Akatae boti ambayo maji yako karibu na ukingo, hata kama ameshalipa. Adai jaketi la kuokolea maisha, na akiweza anunue lake. Amtumie mtu wa nyumbani ujumbe wenye jina la boti na saa ya kuondoka, kwa kuwa orodha za abiria mara nyingi hazilingani na watu waliomo. Asifunge mtoto mgongoni kwa kitenge kwenye maji. Amshike mbele, amvishe jaketi. Kusema Bwana atatulinda huku ukikaa juu ya gunia la kumi na tano la mtu mwingine ni kumwachia Bwana kazi uliyopewa wewe.

Sanduku lenye kufuli tatu

Katika Matendo sura ya 11, nabii Agabo alitangaza kwamba njaa inakuja. Wanafunzi wa Antiokia hawakungoja njaa ifike. Walichanga, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, wakawatuma Barnaba na Sauli wapeleke mchango kwa ndugu wa Uyahudi. Mchango wa kabla ya balaa ndio unaosaidia. Wa baada ya balaa huwa umechelewa na huwa mdogo.

Kivu ina vyombo vya kazi hiyo. Likelemba, mchango wa kupokezana, inajulikana na kila muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Vikundi vya AVEC vya kuweka na kukopa, ambavyo asili yake ni mradi wa shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, vimeota katika makanisa mengi: watu kama ishirini hivi, sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, hisa kila wiki, na pembeni mfuko wa jamii usioguswa ila kwa ugonjwa, kifo au moto. Kikundi kisicho na mfuko huo pembeni kianzishe Jumapili hii.

Ila vita vina maswali ambayo kitabu cha mafunzo hakiyajibu. Siku mwenye sanduku anakimbilia Minova na wenye funguo wanakimbilia Goma, fedha ni za nani? Kanuni iandikwe mapema: sauti za mapigano zikifika umbali fulani, sanduku linafunguliwa, kila mmoja anachukua chake, na daftari linapigwa picha. Wakopaji nao wakubaliane madeni yatalipwaje wakikutana tena. Na mtu asiweke kila kitu mahali pamoja. Mwishoni mwa Januari 2025 benki za Goma zilifunga milango, na waliokuwa na akiba humo walikaa wiki nyingi bila kuigusa. Sehemu ikae taslimu, sehemu kwenye simu, sehemu iwe kuku, maharage au kitenge kinachouzika.

Bahasha

Si kila jaribu linakuja na bunduki. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa Goma, mzaliwa wa 1981, mtumishi wa ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa mpakani. Katika jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio aliwafundisha na kuwalisha maibobo, watoto wa mitaani wa jiji hilo. Mwaka 2007 alipewa fedha ili aruhusu shehena ya chakula kilichoharibika iingie sokoni. Alikataa. Julai mwaka huo alitekwa na kuuawa, akiwa na miaka 26. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025.

Wengi hawatafikishwa mbali kiasi hicho, lakini bahasha huja kwa watu wengi kuliko mabomu: mwalimu anayeombwa kuuza alama, muuguzi anayeambiwa auze dawa za msaada, kiongozi wa kambi anayeongeza majina hewa kwenye orodha ya chakula. Ushauri unaofaa hapa ni mdogo. Aliyeshawishiwa asikae na siri hiyo peke yake. Amwambie mtu mmoja anayemwamini siku hiyo hiyo, aandike tarehe na kilichosemwa, na asikubali kukutana faragha mara ya pili. Kanisa nalo liache kuimba sifa za wafadhili wake bila kuuliza fedha imetoka wapi.

Jaribu la jeraha nalo lina shahidi wake. Kilomita chache kutoka Shasha, huko Buganga karibu na Minova, aliishi mwanamke ambaye kila mtu alimwita Mama Masika. Rebecca Masika Katsuva alivamiwa nyumbani mwishoni mwa miaka ya 1990. Mumewe aliuawa, yeye na binti zake wakabakwa, na ukoo wa mumewe ukamfukuza. Akafungua nyumba yake kwa wanawake waliofanyiwa kama yeye. Alishambuliwa tena zaidi ya mara moja kwa sababu ya kazi hiyo, wala hakuiacha. Wanawake walifika wakiwa hawawezi kusema, akawapa mahali pa kulala, na baada ya siku kadhaa akawapa jembe. Walilima pamoja mashamba ya kukodi, mihogo na maharage, na mavuno yakalisha watoto aliowachukua, baadhi yao wakiwa wamezaliwa kwa ubakaji, na mama zao hawakuweza hata kuwatazama. Alifariki Februari 2016. Kwa maelfu ya wanawake wa mwambao huo, shamba la pamoja lilikuwa mahali pa kwanza pa kuzungumza, kwa kuwa mtu akiinama na jembe hatazamwi usoni.

Hapo kuna funzo kwa vikundi vya kanisa vinavyopenda kumketisha mtu kwenye kiti na kumzunguka kwa maombi. Wengine hupona upesi zaidi wakipewa safu ya kupalilia pembeni ya mtu anayejua kunyamaza.

Na msamaha? Mwezi Novemba 2012, askari wa serikali waliokimbia Goma walifanya unyama Minova. Kesi yao ilisikilizwa na mahakama ya kijeshi, na hukumu ikatoka Mei 2014: kati ya watuhumiwa 39, wawili tu walipatikana na hatia ya ubakaji. Wanawake waliotoa ushahidi walifika mbele ya majaji wamefunikwa nyuso. Mchungaji anayewaambia wanawake hao wasamehe ili mambo yaishe anataka kitu ambacho Injili haikukidai. Mtu anaweza kuacha chuki moyoni na bado akaenda mahakamani, akatunza karatasi ya daktari, akamtaja mhalifu. Kwa vijana wanaovutwa na makundi yenye silaha kwa jina la kulipiza, mzee wa kanisa awe na neno la mapema, na zaidi ya neno awe na kazi ya kuwapa.

Kazi hiyo ipo, hasa kwa waliorudi. Msimu wa pili wa kilimo katika milima ya Masisi huanza Februari, na aliyerudi Shasha au Kirotshe mwezi huo baada ya kambi kuvunjwa alikuta paa limeondolewa na ghala tupu, lakini udongo ukiwa tayari kupokea. Maharage mafupi huiva kwa takribani miezi mitatu. Kabla ya kuingiza jembe, familia itembee shambani na watu wazima tu, itazame, na kitu chochote cha chuma kisichojulikana kiwekewe alama kwa mbali na kutolewa taarifa, watoto wasikiokote. Salongo ya kanisa, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, ianze kwa nyumba ya mjane na ya mzee asiye na mtoto. Shemasi afungue daftari la mbegu: aliyekopa bakuli moja arudishe moja na nusu wakati wa mavuno, anayeshindwa aseme mapema, na nusu inayozidi iwekwe kwenye pipa lenye mfuniko, mbali na panya, kwa ajili ya familia itakayofika Septemba bila kitu.